Uanagenzi wa uchapishaji ukiwa nyumbani: utajifunzaje uhariri bila kukaa na wahariri?

Swali la msomaji: Nimepata uanagenzi katika kampuni ya kuchapisha vitabu: miezi mitatu, saa 20 kwa wiki, kila kitu kwa mtandao. Nataka kuwa mhariri. Naogopa nitapewa kazi ya kujaza majedwali tu, nimalize bila kujua mhariri hufanya nini hasa. Nitajifunzaje kazi hii bila kukaa ofisini? Na wanaoanza hukosea wapi?

Jibu: Hofu yako ina msingi, ila umeielekeza pasipo pake. Jedwali halijamnyima mtu uhariri. Kinachomkosesha mwanagenzi wa mtandaoni ni ukimya. Aliye ofisini hujifunza nusu ya kazi kwa masikio: anamsikia mhariri akibishana na mpanga kurasa, anaona msimamizi anakunja uso akifika aya ya pili ya ripoti yake, anaulizwa "hii umeitoa wapi?" hapohapo. Wewe hutayapata hayo. Msimamizi wako haoni unavyofikiri, anaona faili uliyotuma. Nawe huoni alivyoipokea, unaona "asante, nimeipata." Basi una kazi mbili za kujipa mwenyewe tangu siku ya kwanza: kila faili unayotuma ijieleze bila wewe kuwepo, na kila faili iliyorekebishwa baada yako ikurudie uione. Karibu yote yaliyo hapa chini yanatokana na hayo mawili.

Kwanza pima muda wako. Tangu mswada ukubaliwe hadi kitabu kiingie dukani, kwa kawaida hupita miezi 9 hadi 12, na mara nyingi zaidi. Wewe una saa kama 250. Ukifungwa kwenye kitabu kimoja utaona kipande kimoja tu cha safari yake. Kwa hiyo wiki ya kwanza omba uunganishwe na vitabu vitatu vilivyo katika hatua tofauti: kimoja mswada wake bado unasomwa, kimoja kiko kwa mhariri wa lugha, kimoja kimeshapangwa kurasa. Eleza wazi kwamba huombi kazi tatu, unaomba ruhusa ya kuona folda na barua pepe za vitabu vitatu. Ombi hilo halimgharimu msimamizi muda, kwa hiyo ni rahisi kukubaliwa.

Ripoti ya mswada

Kazi ya kwanza mahali pengi ni kusoma miswada iliyotumwa na waandishi na kuandika ripoti. Fanya hesabu kabla ya kuahidi tarehe. Mswada wa maneno 80,000, ukisoma maneno 250 kwa dakika, ni dakika 320, yaani saa 5 na dakika 20 bila kuinuka kitini. Ongeza saa moja na nusu ya kuandika. Kwa ratiba ya saa nne kwa siku hizo ni karibu siku mbili. Anayejibu "kesho asubuhi nitakuwa nimemaliza" ama atasoma kwa kuruka au atachelewa, na yote mawili yanaonekana. Uliza pia kama kampuni inataka kila mswada usomwe wote. Nyingi huridhika na kurasa 50 za mwanzo pale inapokuwa dhahiri kwamba kazi haifai.

Ripoti nzuri ni ya maneno 600 hadi 800. Mstari wa kwanza ni uamuzi: ukataliwe, urudishwe kwa mwandishi na maelekezo, au upelekwe kwenye kikao cha kuchagua miswada. Kisha muhtasari wa maneno 150, ukiwa na mwisho wa hadithi. Wanagenzi huuficha mwisho kana kwamba wanamlinda msomaji asiharibiwe utamu. Mhariri si msomaji wa namna hiyo. Anataka kujua kama hadithi inafika inakokwenda. Baada ya hapo sema kitabu ni cha nani, kina nguvu wapi na kinalegea wapi. Kosa kubwa kuliko yote ni muhtasari kula ripoti nzima, kisha hukumu inakuja kwa sentensi mbili mwishoni, moja ikiwa "kwa ujumla nilikipenda." Kupenda kwako si ushahidi.

Tazama tofauti. Mwanagenzi anaandika: "Hadithi inavutia lakini mwendo wake ni wa polepole." Hilo lingeweza kusemwa kuhusu nusu ya vitabu duniani. Sasa hili: "Mgogoro mkuu, barua iliyopotea, unaanza sura ya 5. Sura ya 2 hadi ya 4 ni historia ya familia, na mhusika mkuu anaisimulia tena karibu kwa maneno yaleyale katika sura ya 8, aya inayoanza 'Mama hakujibu'. Sura hizo tatu zikifupishwa kuwa moja, msuko haupotezi kitu." Mhariri akisoma hivyo anaweza kufungua mswada na kuhakikisha mwenyewe kwa dakika tano. Hiyo ndiyo faili inayojieleza.

Umeona nimetaja sura na maneno ya mwanzo wa aya, si namba ya ukurasa. Hati ya Word hubadilisha kurasa zake kufuatana na kompyuta, fonti na hata ukubwa wa karatasi uliowekwa. Ukurasa wako wa 61 kwa mhariri ni wa 64. Namba za kurasa zitumie tu pale wote mnaposoma PDF ileile.

Jedwali unaloliogopa

Tukubaliane kwamba utajaza metadata. Metadata ni maelezo ya kitabu yanayosafiri kwenda kwa wauzaji, maktaba na mitandao ya mauzo: jina, mwandishi, ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu), vipimo, bei, maelezo mafupi, misimbo ya mada. Kwa kawaida husafirishwa kwa mfumo uitwao ONIX. Duka likipokea kosa, linaonyesha kosa, na mnunuzi hakioni kitabu. Hapa ndipo kitabu kizuri kinaweza kupotea bila mtu yeyote kukikosoa.

Anza na ISBN. Tangu tarehe 1 Januari 2007 ina tarakimu 13, ikianza na 978 au 979. Kila umbo la kitabu lina namba yake: jalada gumu namba moja, jalada laini nyingine, EPUB (kitabu pepe) nyingine. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi, na unaweza kuihesabu mwenyewe. Chukua 978-0-306-40615-7. Tarakimu 12 za mwanzo zizidishe kwa 1 na 3 kwa zamu: 9, 21, 8, 0, 3, 0, 6, 12, 0, 18, 1, 15. Jumla ni 93. Kiasi kinachopungua ili kufika kumi linalofuata, yaani 100, ni 7, na ndiyo tarakimu ya mwisho. Namba imekubali.

Lakini usiiamini kupita kiasi. Geuza 6 na 1 katika namba hiyohiyo, iwe 40165 badala ya 40615. Jumla sasa ni 83, kinachobaki hadi 90 ni 7 tena, na namba potofu inapita ukaguzi bila kelele. Hutokea kila tarakimu mbili jirani zenye tofauti ya 5 zinapobadilishana nafasi. Ndiyo maana ISBN hainakiliwi kwa kuchapa kwa vidole. Inanakiliwa na kubandikwa kutoka kwenye orodha rasmi ya kampuni, kisha unailinganisha na iliyo kwenye ukurasa wa hakimiliki na iliyo chini ya msimbo wa mistari nyuma ya jalada. Sehemu tatu, namba moja.

Excel nayo ina mtego wake. Safu isipowekwa kuwa maandishi kabla ya kubandika, namba ya tarakimu 13 inaonekana kama 9.78031E+12. Ukihifadhi hali hiyo kama CSV (faili ya maandishi matupu, safu zikitenganishwa kwa mkato), kinachohifadhiwa ni hicho kinachoonekana, na tarakimu nyingine zimekwenda na maji. Badilisha safu kuwa maandishi kwanza, bandika baadaye. Ukifungua CSV ya mtu mwingine, usiibofye moja kwa moja. Iingize kwa njia ya kuleta data, uchague aina ya kila safu mwenyewe.

Misimbo ya mada, iwe ya Thema au BISAC (mifumo ya kupanga vitabu kwa mada), ndiyo sehemu ya jedwali inayofundisha uhariri kuliko ripoti nyingi. Kuchagua msimbo ni kujibu swali "kitabu hiki kinakaa rafu gani, pembeni ya vitabu gani?" Wanaoanza huchagua msimbo mpana kuliko wote, "hadithi za kubuni, jumla", kwa kuogopa kukosea. Msimbo mpana unakizika kitabu miongoni mwa maelfu. Chagua ulio finyu zaidi ambao bado ni kweli, na kwenye safu ya maoni andika sentensi moja ya sababu. Sentensi hiyo moja itamwonyesha msimamizi kwamba umekisoma kitabu, na huenda ikawa mwanzo wa mazungumzo ambayo ungeyapata ofisini bure.

Maelezo ya jalada la nyuma huwa maneno 120 hadi 180. Kwenye duka la mtandaoni mnunuzi huona mistari miwili mitatu kabla ya kubofya ili aone zaidi, basi jina la tuzo au swali kuu la kitabu lisikae mstari wa sita.

Kugusa maandishi ya mtu

Ukipewa sura ya kuhariri lugha, washa ufuatiliaji wa mabadiliko kabla hujagusa herufi, na hakikisha programu imeandikishwa jina lako halisi. Faili ikirudi na mabadiliko ya mtu anayeitwa "User", hakuna anayejua amuulize nani. Fanya kazi ndani ya Word kama kampuni inatumia Word. Kupeleka faili kwenye Google Docs na kuirudisha huweza kuvuruga mitindo ya vichwa na tanbihi, na mpanga kurasa ndiye atakayegundua, wiki sita baadaye.

Kabla ya kila badiliko jiulize ni la aina gani. Kosa la wazi: rekebisha kimya. Utata au jambo lisilolingana na sura nyingine: acha, andika swali pembeni. Jambo ambalo wewe ungelisema tofauti: liache kabisa. Aina hii ya tatu ndiyo inayowaangusha wanagenzi wenye Kiswahili kizuri. Wanasafisha mtindo wa mwandishi mpaka wahusika wote wanaongea kama mwalimu mkuu.

Swali kwa mwandishi nalo lina ufundi wake. "Haieleweki" ni tusi dogo. "Sura ya 4 meli inatia nanga Jumatano, hapa ni Jumanne. Tubadilishe hapa iwe Jumatano?" ni swali ambalo mwandishi anaweza kulijibu kwa neno moja akiwa kwenye basi.

Fungua karatasi ya mtindo tangu ukurasa wa kwanza. Ni hati ndogo inayorekodi kila uamuzi, na inaweza kuonekana hivi:

*kwa hiyo (si kwahiyo)*
*mswada, miswada (si muswada)*
*namba: kwa maneno hadi kumi, kisha tarakimu*
*Zuhura: miaka 34 sura ya 1, miaka 36 sura ya 7 (imepita miaka 2, sawa)*
*duka: mlango unatazama mashariki, sura ya 3*

Bila karatasi hiyo utaamua "kwa hiyo" sura ya 1, "kwahiyo" sura ya 9, na msomaji wa prufu (kurasa zilizokwisha kupangwa, za kukaguliwa kabla ya kuchapwa) atalipwa kurekebisha kigeugeu chako. Kwa mfanyakazi wa mbali ina faida nyingine: mtu akichukua kazi yako katikati, hahitaji kukupigia simu.

Neno moja kuhusu kubadilisha yote kwa mpigo. Tuseme mwandishi ameamua "kata" iitwe "wadi" kitabu kizima. Ukibofya kitufe cha kubadilisha yote bila kuchagua neno zima pekee, "mkataba" unakuwa "mwadiba" na "takataka" zinakuwa "tawadika". Kikagua tahajia huenda kisikusaidie, kwa sababu kwa programu nyingi Kiswahili chote kimepigiwa mstari mwekundu tangu mwanzo. Nenda moja baada ya jingine. Maneno 90 ni dakika 15.

Mwalimu aliye ndani ya faili

Hili ndilo ningependa ulishike hata ukisahau mengine. Ukimaliza sura na kuituma, omba urudishiwe toleo ambalo mhariri ameshalipitia, hata kama hana muda wa kukuandikia maelezo. Usimwombe maoni, maoni yanamgharimu nusu saa, faili inamgharimu dakika moja. Kisha tumia kipengele cha Word cha kulinganisha hati mbili: toleo lako upande mmoja, lake upande wa pili. Programu itakuonyesha kila alichoongeza, alichofuta na, muhimu zaidi, kila ulichokibadilisha wewe naye akakirudisha kama kilivyokuwa.

Vipange vitu hivyo katika daftari, safu nne: nilikosa kuona, niliona nikarekebisha vibaya, niligusa pasipostahili, sielewi kwa nini. Sura moja ya maneno 4,000 inaweza kukupa mistari 30 au 40. Usipeleke yote kwa msimamizi. Safu ya nne tu, na humo chagua maswali matatu. Baada ya sura tatu au nne umbo la makosa yako litaanza kuonekana: labda huoni viunganishi vinavyojirudia, labda unagusa mazungumzo mno, labda hujali tarehe. Hapo unajua cha kuwinda kabla ya kutuma. Mwanagenzi wa ofisini mara nyingi hakosi maelezo ya mdomo, lakini ni nadra awe na rekodi ya namna hii.

Fanya vivyo hivyo kwa ripoti. Omba usome ripoti mbili za msomaji mzoefu juu ya mswada ambao nawe umeusoma, baada ya kutuma ya kwako, si kabla.

Prufu

Prufu zikifika, kitabu kimeshapangwa kurasa, na sheria zinabadilika. Kosa la mswada ni la bure. Kosa la prufu lina bili. Ukiongeza maneno manne kwenye aya, mstari unasukuma mstari, aya inaingia ukurasa wa pili, na faharasa iliyokwisha kutengenezwa inataja ukurasa usio wake. Vitabu vya ofseti (vinavyochapwa kwa mashine za karatasi kubwa) hukunjwa kwa mafungu, mengi yakiwa ya kurasa 16. Kitabu cha kurasa 240 ni mafungu 15 kamili; kikimwagika hadi 241, kuna fungu jingine la kulipia. Uti wa jalada nao unanenepa. Karatasi yenye unene wa milimita 0.1 inaupa uti wa kurasa 240 milimita 12, kwa kuwa ni majani 120. Zikiwa 256 ni milimita 12.8, na mbunifu wa jalada lazima aambiwe. Kwa hiyo ukilazimika kuongeza neno la herufi saba, tafuta herufi saba za kupunguza katika aya ileile.

Kwa anayeanza, kurasa 8 hadi 10 kwa saa ni mwendo wa haki. Kitabu hicho cha kurasa 240 kitakula saa 24 hadi 30, yaani zaidi ya wiki yako nzima. Sema hivyo mapema.

Usisome mara moja ukitafuta kila kitu. Mzunguko wa kwanza usisome maandishi kabisa: angalia namba za kurasa, vichwa vya juu ya kurasa, na kila jina la sura kwenye yaliyomo dhidi ya lilivyo ndani. Makosa makubwa ya aibu hukaa kwenye herufi kubwa, kwa sababu jicho huziamini. Mzunguko wa pili soma mstari kwa mstari. Wa tatu pitia miisho ya kurasa na ya mistari tu: mstari mmoja wa aya ulioachwa peke yake juu ya ukurasa, na maneno yaliyokatwa vibaya. Kwa vitabu vya Kiswahili hilo la mwisho ni tatizo la kudumu. Programu ya kupanga kurasa ikiachwa katika lugha ya Kiingereza inaweza kukata "mwan-dishi", wakati silabi zetu ni mwa-ndi-shi. Ukiona mawili ya namna hiyo usiyarekebishe moja moja. Mwambie mpanga kurasa aangalie mpangilio wa lugha, maana yapo mia.

Weka alama kwa zana ya maoni ya PDF, juu ya neno lenyewe, na uandike kitakachokuwepo, si kinachokusumbua. "Kosa la tahajia" humlazimu mpanga kurasa kukisia, naye huenda hasomi lugha hiyo kabisa. Prufu ya pili ikija, kagua kila alama yako kama imetekelezwa, kisha soma mstari ulio juu na ulio chini yake. Makosa mapya huzaliwa pembeni ya marekebisho.

Picha nitazipita haraka. Kwa kuchapwa zinahitaji pikseli 300 kwa inchi kwa ukubwa zitakaochapwa. Picha ya upana wa pikseli 800 iliyotolewa mtandaoni inatosha sentimita 6.8 tu, hata kama kwenye kioo inapendeza. Na kila picha, kila ubeti wa wimbo mwanzoni mwa sura, una mwenye haki. Ukipewa kufuatilia ruhusa, jedwali lako liwe na tarehe ya kuomba, nani ameombwa, maeneo na maumbo ya kitabu yanayoruhusiwa, ada, na maneno halisi ya shukrani anayotaka yachapwe. "Wamekubali kwa simu" si ruhusa.

Kuandikiana

Majina ya faili yafuate mtindo wa kampuni. Kama hawana, pendekeza huu: jina fupi la kitabu, sura, toleo, herufi za jina lako, mfano bahari_sura06_v02_nk. Faili inayoitwa "mwisho_kabisa_2" ni mwanzo wa msiba. Msiba wenyewe ni huu: watu wawili wanafanyia kazi nakala mbili za sura moja kwa wakati mmoja, na mtu wa tatu analazimika kuziunganisha usiku. Kabla ya kufungua, andika kwenye jedwali la kazi kwamba sura iko kwako. Ukimaliza, andika kwamba umeiachia.

Ukikwama, ujumbe wako uwe na mambo matatu: nimeona nini, nimetafuta wapi, nitafanya nini nisipojibiwa. Hivi: "Habari za asubuhi. Sura ya 6 inataja kaka wawili wa Zuhura, sura ya 2 inataja mmoja. Karatasi ya mtindo haina jambo hilo. Nimeacha maandishi yalivyo na kumwekea mwandishi swali. Kama unataka nifanye vingine, nijulishe kabla ya Alhamisi. Naendelea na sura ya 7." Ujumbe huo haumsimamishi mtu yeyote, hata wewe. "Samahani, nina swali" halafu kimya, ukisubiri aseme "karibu", unaweza kuchukua siku nzima mkiwa saa za maeneo tofauti.

Na saa zenyewe ziandikwe bila utata. "Saa tatu" ya Kiswahili na 3:00 ya kalenda ya kompyuta zimepishana saa sita, na mchana na usiku navyo havijulikani. Andika "saa 3 asubuhi (09:00)" na utaje ni saa za mahali gani. Wenye kazi hizi wamekosa vikao kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Siri ya mswada ni nzito zaidi nyumbani kuliko ofisini. Usiupeleke kwenye programu ya bure ya kutafsiri wala ya akili mnemba bila ruhusa ya maandishi. Usirushe picha ya jalada ambalo halijatangazwa, hata kwa rafiki mmoja. Kama kompyuta ni ya familia, fungua akaunti yako yenye nywila. Mswada uliokataliwa nao ni siri, pamoja na sababu za kuukataa.

Upande wa mkataba, kabla hujaanza upate kwa maandishi saa, malipo kama yapo, jina la msimamizi mmoja (si "timu"), na tarehe ya mwisho. Kampuni ikikutaka ulipe ili uwe mwanagenzi, hiyo si nafasi ya kazi, ni bidhaa unayouziwa.

Wiki mbili za mwisho zitenge kwa maombi matatu. La kwanza, kuhudhuria kikao kimoja cha kuchagua miswada, kamera ikiwa imezimwa, hata kama hutasema neno. Ndipo utakaposikia kwa nini kitabu kizuri kinakataliwa kwa sababu za hesabu. La pili, ruhusa ya kutaja kwenye wasifu wako vitabu ulivyovigusa na kazi uliyofanya kwa idadi: ripoti ngapi, kurasa ngapi za prufu, rekodi ngapi za metadata. Omba mapema, maana vingine bado havijatangazwa. La tatu, nusu saa ya mazungumzo kwa video na msimamizi. Umtumie siku moja kabla ripoti yako ya kwanza, ripoti yako ya mwisho na ukurasa mmoja wa lile daftari la safu nne, ukiwa umeweka alama kwenye makosa ambayo bado yanajirudia.